Bomba za chuma za DI (ductile iron) zimewakosea nini? Wiki ya tatu hatuna maji, mkandarasi anasingizia chuma!!

Wakuu heshima kwenu. Naandika nina hasira hata chai sijanywa, maana maji yenyewe ya chai nanunua kwa jamaa wa toroli dumu mia tano, wiki ya tatu hii.

Iko hivi. Bomba kuu jipya la mtaani kwetu, DI la milimita 300, lilifunguliwa maji Jumatatu, Jumatano usiku likafyatuka kwenye kona jirani na gereji, barabara ikawa mto. Juzi kwenye kikao cha mtaa msimamizi wa mkandarasi anasimama bila hata haya anasema eti hizi bomba za kisasa ni laini, bora zile kasti aini (chuma cha kutupwa) za zamani.

Laini?? Mimi nimefunga bomba miaka 14, nilitamani nimnyang'anye kipaza sauti. Hiyo kasti aini ndiyo inayopasuka kama sahani! Kaboni iliyomo humo imekaa vipande bapa kama majani ya chai, ufa ukianza unateleza humo humo. DI chuma kikiwa uji kinatiwa magnesiamu kidogo, kaboni inajiviringa kama punje za ulezi, ufa unakosa njia. Na sio teknolojia ya jana, iligunduliwa Marekani 1943. Ukiligonga hilo bomba linabonyea kwanza, ndio maana linazikwa chini ya barabara za malori.

Sasa niwaambie nilichokiona kwa macho yangu, maana mtaro umepita mbele ya geti langu. Bomba moja la mita 6 lina zaidi ya kilo 300, hao vijana wanaziporomosha toka kwenye lori zinadondokea mawe, kunyanyua wanaingiza ndoano ya kijiko (ile mashine ya kuchimbia) mdomoni mwa bomba badala ya kulifunga mkanda. Nikamulika tochi ndani ya moja, ile saruji ya ndani imemeguka kama ukoko wa ugali, na hiyo saruji ndiyo inayozuia maji yasile chuma. Nikamwambia fundi wao, akanijibu mzee wewe kanywe kahawa.

Mipira ya kuungia sasa, Mungu wangu. Miezi miwili imeanikwa juani kama dagaa, siku ya kufunga wakaipaka oili chafu ya injini wakati kila fundi anajua oili inauumuza ule mpira, unapaka kilainishi chake, basi. Na pale kwenye kona walikata bomba kwa grainda, hawakuchonga ncha hata kidogo, wakalisukuma kwa bakuli la kijiko mpaka likaingia kwa nguvu. Baada ya kufyatuka niliuokota ule mpira, umechanika upande mmoja safiii kama umepitishwa wembe. Ninao hapa ndani.

Halafu lililoniuma kuliko yote, hiyo kona haikuwekewa zege la kuikinga kwa nyuma! Kona ya digrii 90 kwenye bomba la 300, presha ikiwa bar 10, inasukumwa kama tani 12. Tani kumi na mbili jamani, mmeziegemeza kwenye kifusi?? Maungio ya mpira yenyewe hayashiki, ni ya kuchomeka tu, bila zege lazima yachomoke. Bomba lenyewe nimelikagua, halina hata ufa!

Na bado wanataka walipwe tena kubadilisha "bomba mbovu". Pesa yetu hiyo.

Kwa hiyo wenye uzoefu naombeni msaada, haya malalamiko nayapeleka wapi ambapo yatasomwa? Mpira ninao, picha za mtaro ninazo toka siku ya kwanza, hata ya yule kijana na kopo lake la oili.

Ngoja kwanza, toroli limefika. Leo kasema dumu mia saba.