Ushauri: Nimweleze vipi George Sarton kwa wanafunzi wa sayansi?

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mimi ni mwalimu wa kemia mkoani Tanga. Klabu ya sayansi ya shule yetu imenipa dakika 20 za kumzungumzia George Sarton, Mbelgiji aliyezaliwa Ghent mwaka 1884, akasomea kemia na hisabati, kisha akaamua kuutumia umri wake wote kuipigania historia ya sayansi ihesabiwe kuwa somo linalojitegemea. Jarida lake, Isis, alilianzisha mwaka 1912, na lilikuwa bado changa Wajerumani walipoivamia Ubelgiji mwezi Agosti 1914. Maandishi yake aliyafukia bustanini ndani ya sanduku la chuma, akakimbia na mkewe na binti yao mdogo, wakapitia Uholanzi hadi Uingereza; mwaka 1915 yeye akafika Marekani. Nikianza na ukimbizi, nahofia vijana watamwonea huruma na kuisahau kazi yake. Nikianza na kazi, kidato cha tatu watasinzia. Nianzie wapi?

Mwalimu Mstaafu: Mwalimu, anza na sanduku. Azima tranka la mwanafunzi wa bweni, uliweke mezani likiwa limefungwa, uwaulize wangefukia nini iwapo wangeambiwa waondoke usiku huu. Ukishapata majibu yao, waeleze kwamba baada ya vita maandishi yale yalimfikia Marekani na kuingia katika kazi yake kubwa, historia ya sayansi ya mabuku matatu (Introduction to the History of Science), aliyoiandika akiwa ndani ya chumba namba 185 cha maktaba ya Widener, Harvard.

Mpemba wa Bara: Shikamoo Mwalimu. Tranka nalikubali, ila lisimeze dakika zote. Kilichomtofautisha Sarton ni kwamba alijifunza Kiarabu akiwa mtu mzima, na mwaka 1931 alisafiri hadi Mashariki ya Kati kwa ajili hiyo, kwa sababu aliona kwamba historia ya sayansi isiyoijua lugha hiyo ina pengo la karne nzima nzima. Katika buku la kwanza la kazi hiyo kubwa, la mwaka 1927, kila nusu karne ameipa jina la mwanachuoni mmoja, na kuanzia mwaka 750 hadi 1100 majina yote saba yanatoka katika ulimwengu wa Kiislamu: Jabir, al-Khwarizmi, al-Razi, al-Masudi, Abul-Wafa, al-Biruni na Umar Khayyam. Huyo al-Masudi ndiye aliyefika pwani yetu na kuandika habari za Qanbalu, kisiwa ambacho wengi hukinasibisha na Pemba. Hapo hasinzii mtu.

Msoma Mabuku: Naongeza tahadhari, Mwalimu: usimfanye malaika. Mabuku yake matatu yana kurasa zaidi ya 4,000 lakini yanaishia karne ya 14, na sehemu kubwa yanasomeka kama orodha ya watu na vitabu. Aliiona sayansi kama ngazi inayopanda tu, jambo ambalo wanahistoria waliomfuata walilipinga. Hata hivyo, wengi wao walipata pa kusimama kwa sababu ya Isis, jarida linalochapishwa hadi leo.

Mwuliza swali: Ahsanteni sana. Nitaanza na sanduku, niingie kwa al-Masudi, na dakika tano za mwisho nitawaachia wanafunzi wabishane kuhusu hiyo ngazi. Tranka limekwisha kupatikana bwenini, limebaki kufuli.