Fundi wa wakala kalipua kazi: arudi, nilete wangu, au niachane na wakala?

Paa_Langu
Wakuu, salaam. Nina nyumba ya ghorofa moja ambayo nimeikabidhi kwa wakala. Anatafuta wapangaji, anakusanya kodi, anasimamia matengenezo, anakata kamisheni yake na gharama za mafundi, kinachobaki ndicho kinanifikia. Bafu la juu lilikuwa linavujia dari ya chumba cha chini. Wakala akaleta fundi wake, kazi ikafanyika, na ankara ikaja: kubomoa vigae, kupaka upya dawa ya kuzuia maji, kurudishia vigae, kupaka dari rangi. Pesa ilikatwa kwenye kodi kabla sijaulizwa lolote.

Sasa doa limerudi palepale na rangi mpya inabambuka. Mpangaji kanitumia picha za bafu. Karibu na mlango kuna kigae chenye ufa ninaoufahamu tangu zamani, unaanzia kwenye kona na kupinda kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Upo vilevile. Kama sakafu ilibomolewa, kigae hicho kilinusurikaje? Ninachokiona ni grauti mpya (ule ujazio wa kati ya kigae na kigae) na silikoni nyeupe imezungushiwa ukutani, basi.

Wakala anasema fundi "atapita aangalie". Kichwani nina njia tatu: fundi yuleyule arudi bila malipo, nilete fundi wangu na gharama abebe wakala, au nimwondoe wakala kabisa. Mliokwisha kupambana na hawa watu, ipi ina nafuu? Nawasilisha.

BombaNaKiungo
Mkuu, kabla hujachagua wa kugombana naye, jua kwanza maji yanatoka wapi. Doa moja la dari linaweza kuletwa na vitu vitatu tofauti.

Anza na bomba linaloleta maji. Funga mifereji yote ya nyumba na uangalie mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja, na doa hilo litakua hata siku ambazo hakuna anayeoga. Mita ikitulia, chukua faneli yenye mpira mrefu, mimina maji moja kwa moja ndani ya tundu la sakafuni bila kulowesha vigae, halafu mtu akae chini na tochi. Yakidondoka, kosa liko kwenye kiungo cha bomba la maji machafu. Hapo hata ungepaka dawa ya kuzuia maji mara kumi usingeambulia kitu. Yasipodondoka, ziba tundu, jaza maji ya kina kidogo sakafuni, weka alama ya penseli ukutani usawa wa maji na uache saa 24. Yakishuka na dari ikalowa, basi ni ile dawa.

Kuhusu grauti: grauti ya saruji haizuii maji, inajaza nafasi tu. Kinachozuia ni tabaka lililo chini ya vigae. Fundi anayepaka grauti na silikoni kwenye bafu linalovujia chini anakununulia wiki chache za amani. Na kupaka rangi dari ambayo haijakauka ndiyo maana inabambuka.

BibiKodi
Mwanangu, mimi ningemrudisha fundi yuleyule. Najua wengi hapa watanirukia. Lakini mpangaji wako anaishi chini ya dari yenye maji, na yeye hana mkataba na fundi wala na wakala, ana mkataba na wewe. Huwezi kumwambia asubiri hadi umalize kesi na wakala. Njia ya haraka ni yule aliyekwisha kula pesa aje aitolee jasho.

Ila arudi kwa masharti. Mwandikie wakala (siyo kumpigia simu, andika) tarehe ya mwisho ya kazi, nini hasa kifanyike, na kwamba dawa ikishapakwa unatumiwa picha kabla kigae cha kwanza hakijarudishwa. Fundi akipita tarehe hiyo, unaingiza mwingine na una karatasi mkononi inayoonyesha ulimpa nafasi.

MbaliNaNyumba
Bibi, kwa fundi aliyeteleza nakubaliana nawe. Huyu ameandika kwenye ankara kitu ambacho hakukifanya. Mtu wa namna hiyo ukimrudisha atakuja na silikoni nyingine.

Mimi naishi mbali na nyumba yangu, na kwa kazi kubwa natumia mkaguzi wa kujitegemea, asiyeletwa na wakala wala fundi. Anapima unyevu kwa kifaa, anapiga picha, anaandika ripoti na kutia sahihi. Faida yake ni kwamba maneno yanaisha: wakala haongei tena na "mwenye nyumba mkorofi", anaongea na karatasi ya mtaalamu. Hasara yake ni gharama. Kwa mfereji unaodondoka hailipi, kwa bafu zima inalipa. Na mkaguzi huyo asiwe ndiye atakayepewa kazi ya kurekebisha, maana atakuta ubovu hata kwenye kitasa.

Dalali_Mtulivu
Naona uwakala unasulubiwa humu, acha niseme la upande wetu. Wenye nyumba wengi wanatuambia "tafuta wa bei nafuu", halafu kazi ikiwa ya bei nafuu wanashangaa. Bomba likipasuka usiku hatuna muda wa kukusanya makadirio matatu. Na mkataba mwingi unampa wakala ruhusa ya kutumia hadi kiasi fulani bila kuuliza. Mkuu Paa_Langu, kisome kifungu hicho kabla ya kulalamika kwamba hukuulizwa. Kama gharama ilivuka kiwango, hapo una hoja nzito.

Lakini la ankara siwezi kulitetea. Wakala anayelipa fundi bila kwenda kuona, au bila hata kudai picha za kabla na baada, hajasimamia chochote, amehamisha pesa tu. Usimamizi ndio unaolipiwa kamisheni.

Tahadhari juu ya kumfukuza: angalia muda wa notisi, na nani anashika amana ya mpangaji, funguo na nakala halisi ya mkataba wa upangaji. Baadhi ya mikataba inamwachia wakala kamisheni kwa mpangaji aliyemleta hata baada ya kuondoka. Ukivunja kwa hasira unaweza kujikuta unalipa mawakala wawili.

Mzee wa Vifungu
Jambo moja limegusiwa na MbaliNaNyumba likapitwa haraka, nami naliona ndilo kubwa. Kazi mbovu na kazi hewa ni madai mawili tofauti. Aliyefanya vibaya, busara na mara nyingi sheria zinataka umpe nafasi ya kurekebisha. Aliyelipwa kwa vigae ambavyo havikubomolewa hadaiwi marekebisho, anadaiwa pesa irudi. Ukimwambia wakala "fundi arudi kurekebisha", umeigeuza kazi hewa kuwa kazi mbovu kwa maneno yako mwenyewe.

Sasa nijibu: ankara hiyo juu ina jina la nani? Kama ni ya fundi na imeandikwa kwako, mkataba wa kazi ni wako na fundi, na wakala unamdai uzembe wa kuchagua na kukagua. Kama ni ya wakala mwenyewe, ndiye aliyekuuzia kazi, na habari za fundi wake hazikuhusu. Vilevile omba ankara halisi ya fundi. Wakala hana haki ya kujipatia faida ya siri kwenye mali anayokusimamia. Akiongeza chake juu ya bei ya fundi bila kukuambia, hilo ni dai jingine linalosimama lenyewe.

Juu ya kukata gharama kwenye kamisheni: tatizo ni kwamba wewe huna cha kukata. Kodi inapita kwake kwanza, yeye ndiye anayekukata wewe. Unachoweza ni kuandika kwamba unaipinga gharama hiyo kwenye taarifa ya hesabu ya mwezi, na kwamba hakuna pesa nyingine ya matengenezo kutolewa bila idhini yako ya maandishi. Kunyamaza muda mrefu kunaweza kusomeka kama kukubali.

Paa_Langu
Asanteni sana. Nimeitafuta ankara: ina nembo ya wakala, jina la fundi halipo popote. Na mpangaji, Mungu ambariki, amefanya majaribio ya faneli na mwenzake akiwa chini. Hakuna tone. Mita nayo imetulia. Kwa hiyo inaelekea ni dawa ya chini ya vigae, ileile niliyoilipia. Ya kujaza maji sakafuni amekataa kwa kuhofia dari, nami sikumlazimisha.

BombaNaKiungo
Kafanya vizuri kukataa. Dari iliyolowa tayari usiijaribu kwa maji zaidi. Mkaguzi anaweza kutoa kigae kimoja tu, kile chenye ufa, maana hakina thamani tena. Chini yake ataona tabaka jipya au la zamani. Dawa ya juzi haifanani na ya miaka mingi iliyoshikana na uchafu wa gundi. Apige picha kikiwa bado mahali pake, kikinyanyuliwa, na sehemu iliyo chini. Na kigae chenyewe kihifadhiwe.

BibiKodi
Basi kwa nembo ya wakala nabadilisha ushauri. Fundi wako aingie. Mpangaji apewe tarehe, na atumie bafu la chini kwa sasa.

kijana_wa_kodi
Kwa nini asiende mahakamani moja kwa moja? Ushahidi upo.

Mzee wa Vifungu
Kwa sababu mdai naye anatakiwa azuie hasara isikue, na aonyeshe alidai kwanza kwa barua. Nchi nyingi zina utaratibu wa madai madogo ambao hauhitaji wakili, na penye chama au msajili wa mawakala wa nyumba, malalamiko huko humgusa wakala haraka kuliko hakimu, kwa sababu leseni ndiyo mkate wake. Lakini vyote viwili vitamuuliza swali moja: ulimwandikia lini, naye alijibu nini? Barua iwe fupi. Ankara yako inasema hivi, kigae kinaonyesha hivi, rudisha kiasi hiki kufikia tarehe hii. Usitie matusi, usitie neno "wizi". Gharama ya fundi wa pili isidaiwe yote juu ya marejesho ya wa kwanza, maana bafu lilikuwa linavuja kabla na kazi hiyo ungeilipia hata hivyo. Unachodai ni pesa ya kazi isiyofanyika, rangi ya dari iliyoharibika tena, na ripoti ya mkaguzi.

Paa_Langu
Hapo kwenye kutodai mara mbili umeniokoa, nilikuwa nimeshajumlisha vyote. Barua inaondoka leo kwa barua pepe, na nakala halisi inapelekwa kwa mkono. Uwakala nauacha kwanza, notisi ni ndefu na amana iko kwake. Swali la mwisho: mpangaji ameomba punguzo la kodi kwa muda ambao chumba cha chini hakitumiki. Nimpeleke kwa wakala?

Dalali_Mtulivu
Hapana mkuu, kubaliana naye mwenyewe kwa maandishi, mweke kiasi na tarehe ya mwisho, kisha umtumie wakala nakala ili asije akamdai kodi nzima. Na punguzo hilo liongeze kwenye barua yako kabla haijaondoka, ni hasara yako pia.