Warsha ya modeli Tunguu, siku mbili, watu 30: zana ipi, mfano upi, makala zichapwe wapi?

kijana_wa_ecore aliuliza:

Assalaam alaykum.

Inaandaliwa warsha ya siku mbili Tunguu, Unguja, juu ya uhandisi wa programu unaoongozwa na modeli, yaani kuunda kwanza modeli ya mfumo na kuzalisha msimbo kutoka humo. Washiriki ni kama 30: wanafunzi wa shahada ya pili, walimu wa kompyuta, na wachache wa vitengo vya TEHAMA, baadhi yao wanavuka kutoka Pemba. Siku ya kwanza ni mazoezi, ya pili ni makala fupi. Laptopu nyingi ni za Windows, RAM kati ya GB 4 na 8. Intaneti ya ukumbini ipo, ila haistahimili watu 30 wakipakua kwa pamoja.

Nauliza matatu. Tutumie Eclipse (programu ya kuandikia msimbo) na EMF (nyongeza yake ya kuundia modeli), au kuna kitu chepesi zaidi? Mfano gani tufundishie, maana maktaba na benki watu wamezichoka? Na makala zitakazokubaliwa tuzichape wapi bila kutozwa?

bi_metamodeli alijibu:

Waalaykum salaam. Chukua EMF, usihangaike. Mtu akishaielewa Ecore, lugha ya EMF ya kuandikia metamodeli (maelezo ya vitu gani modeli inaruhusiwa kuwa navyo), basi zana za ATL, Acceleo, Xtext, Sirius na Epsilon zote anazikuta zimekaa juu ya msingi ule ule. Vyombo vyepesi vya kuchora UML (michoro ya kawaida ya muundo wa programu) vinatoa picha nzuri, lakini mkivitumia siku nzima warsha itakuwa ya kuchora visanduku tu.

Warsha za namna hii hufia kwenye saa mbili za mwanzo, wakati wa kusakinisha. Kifurushi cha Eclipse Modeling Tools ni karibu nusu gigabaiti, zidisha mara 30 uone. Kipakue mara moja, ongeza Epsilon ndani yake, funga, fungua tena, fanya zoezi zima la siku ya kwanza kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndipo uibane folda yote iwe zip moja uigawe kwa flashi tano au sita. Tangu toleo la 2020-09 vifurushi hivi vinakuja na Java yao ndani, kwa hiyo usiwaambie watu wasakinishe Java. Ukiwaambia, kuna watakaokuja na toleo la mwaka arubaini na saba.

Kosa litakalojirudia ni hili: Windows ya kawaida inakataa njia ya faili inayofika herufi 260. Folda za Eclipse zina majina marefu yaliyopangana ndani kwa ndani. Mshiriki akiifungulia zip kwenye Desktop, ndani ya folda aliyoiita "Warsha ya Modeli Tunguu Siku ya Kwanza", baadhi ya faili hazitatoka, na pengine hataona onyo lolote. Eclipse itawaka halafu ilalamike kwamba kuna vipande haivioni. Dawa yake ni 7-Zip, na kufungulia `C:\ecl`, basi. Pia watu wasiendeshe Eclipse kutoka kwenye flashi yenyewe, itatambaa kama konokono.

Wenye Mac watengee vifurushi viwili, cha Intel na cha ARM.

mkarafuu alijibu:

Mfano umeanikwa majamvini, mwaangalia wapi? Fanyeni ununuzi wa karafuu. Kila aliye chumbani anaujua, na una mitego yote ya metamodeli ambayo mfano wa maktaba hauna.

Anza na darasa la mzizi, yaani aina ya kitu inayobeba nyingine zote, liite `Msimu`. Ndani yake kuna `Mkulima`, `Kituo` na `Pokeo`. Pokeo lina uzito, tarehe, aina ya bidhaa (karafuu au makonyo, maana makonyo nayo yanauzwa kwa ajili ya mafuta) na daraja kama enumi (orodha ya thamani zilizopangwa kabla). Hapo tu mna somo la asubuhi nzima.

Mtego wa kwanza ni umiliki. Washiriki wengi wataweka wakulima ndani ya kituo kwa rejeo la kumiliki, kwa sababu ndivyo inavyoonekana kwenye karatasi. Katika EMF kitu kina mmiliki mmoja tu. Mkulima aliyesajiliwa Konde ukimwongeza kwenye orodha ya Wete, EMF inamtoa Konde kimya kimya. Hakuna kosa linalotokea, hakuna onyo, orodha ya Konde inapungua mtu. Waache wafanye kosa hilo kwanza, kisha wahesabu wakulima kabla na baada. Baada ya hapo wakulima wahamie chini ya `Msimu`, na kituo kibaki na rejeo la kawaida.

Mtego wa pili ni kinyume cha huo. Mtu anatengeneza `Pokeo` kwa msimbo, anaisahau bila mmiliki, huku kitu kingine kinairejelea. Akihifadhi anapata `DanglingHREFException`. Washiriki hudhani faili imeharibika. Faili ni nzima, kitu ndicho kinaelea bila mwenyewe.

Wa tatu ndio mtamu: vipimo. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na pishi ni ujazo, vibaba vinne. Kituoni karafuu kavu hupimwa kwa kilo. Ukiweka sifa moja `kiasi` ya aina ya `EDouble` (namba ya desimali), modeli itakubali kujumlisha pishi mbichi na kilo kavu, na hesabu itatoka vizuri kabisa huku haina maana. Tenganisha: `Uchumaji` una `pishi`, `Pokeo` lina `kilo`. Hakuna kanuni ya kugeuza moja kuwa nyingine bila kujua unyevu, kwa hiyo msiitunge. Kwenye modeli hilo linasemwa kwa kutokuweka rejeo la hesabu kati yao.

Masharti ya kuanzia, kwa OCL (lugha ya kuandikia masharti ya modeli), yasizidi matatu. La kwanza `inv uzitoHalali: self.kilo > 0.0`, ambalo lina faida ya ziada: `EDouble` iliyoachwa wazi inakuwa 0.0, hivyo sharti hili linamnasa pia aliyesahau kujaza. La pili, namba za stakabadhi zisijirudie, kwa `isUnique`. La tatu, makonyo yasiwe na daraja la karafuu.

Halafu tarehe. Ukitumia `EDate`, anayeandika 12/09/2025 atakataliwa, EMF inataka 2025-09-12. Waambieni mapema.

ndugu_violezo alijibu:

Nakubaliana na mkarafuu kwa mfano. Naongeza juu ya ratiba, kwa sababu naona hatari ya mtu kuingiza Xtext (zana ya kuunda lugha mpya na mhariri wake) siku ya kwanza.

Xtext ni chombo kizuri, ila kwa ukumbi huu kiacheni. Ili uone mhariri wako, Eclipse ya kwanza lazima iwashe Eclipse ya pili. Kwenye GB 8 inavumilika, kwenye GB 4 mtasubiri mpaka adhana. Matoleo ya zamani, tena, yanaomba kupakua faili ya ANTLR (kizalishi cha programu za kuchanganua sarufi) mara ya kwanza unapozalisha lugha: yanauliza y au n kwenye dirisha la konsoli, watu hawalioni swali, wanadhani kompyuta imeganda. Na sarufi yenyewe haikubali kanuni inayoanza kwa kujiita, kwa hiyo mtu akiandika hesabu kama alivyozoea darasani anapigwa makosa asiyoyaelewa.

Njia nyepesi ni modeli za papo hapo. Fungua `.ecore`, bofya kulia kwenye `Msimu`, chagua `Create Dynamic Instance`, upate faili ya `.xmi` ya kujaza mapokeo. Hakuna Eclipse ya pili, hakuna kuzalisha Java. Angalieni mawili. Faili hiyo inakumbuka mahali ilipo `.ecore` kwa njia ya folda, ukiihamisha peke yake haifunguki. Na mtu akibadili nsURI ya kifurushi (anwani inayokitambulisha) katikati ya zoezi, modeli zote za awali zinakufa kwa `PackageNotFoundException`. Andikeni nsURI ubaoni asubuhi, na iwe marufuku kuigusa.

Kwa masharti, EVL (lugha ya masharti ya Epsilon) inafundishika kuliko OCL tupu kwa sababu inamruhusu mtu aandike ujumbe wake mwenyewe. "Pokeo namba 17 la kituo cha Wete halina uzito" ni bora kuliko jina la sharti likiwa jekundu. Inatofautisha pia kosa (`constraint`) na tahadhari (`critique`). Kilo 0 ni kosa. Gunia lenye uzito usio wa kawaida ni tahadhari, kwa sababu huenda ni kweli.

Alasiri zalisheni kwa EGL (lugha ya violezo ya Epsilon) vitu viwili: stakabadhi ya HTML na amri za SQL za kuunda majedwali. Mnaotaka kuongeza kitu cha tatu msiongeze. Kila mkibadili `.ecore`, msajili upya kwa `Register EPackages`, la sivyo Epsilon itaendelea kuona metamodeli ya zamani na mtu atatafuta kosa kwenye kiolezo kisicho na kosa.

Wanaotaka kujipima nyumbani kabla ya kuja kuna Epsilon Playground kwenye kivinjari. Ukumbini msiitegemee, inaishi kwenye seva.

mhakiki_kimya alijibu:

Kuhusu makala. CEUR-WS inachapa mtandaoni juzuu za makala za warsha tangu 1995, imekaa kwenye seva za RWTH Aachen, Ujerumani, haimtozi mhariri wala mwandishi, na makala zinabaki wazi kwa leseni ya CC BY 4.0 (yeyote atumie mradi amtaje mwandishi). Wanataka kiolezo chao, CEURART, na fomu ya ridhaa kwa kila makala: NTP kama hakuna kitu cha mtu mwingine ndani, TP kama kipo, mfano picha uliyoichukua mahali. Fomu hizi ndizo huchelewesha juzuu. Zisainini ukumbini siku ya pili, kwa wino, kabla watu hawajaenda kupanda boti.

Ratiba ihesabuni kurudi nyuma kutoka siku ya warsha: mwito wiki 14 kabla, makala ziingie wiki ya 8, wahakiki watatu kwa kila makala wapewe wiki tatu, masahihisho wiki mbili. Inayobaki ni akiba, na itatumika. Mhakiki asipewe makala ya mtu anayemsimamia. Katika jamii ndogo kama yetu hili ni gumu, kwa hiyo tafuteni theluthi ya wahakiki kutoka nje ya visiwa.

Makala nyingi zitakuwa na umbo moja: metamodeli, picha ya skrini, hitimisho. Zirudisheni. Ombeni kitu kinachopimika, mfano muda wa kuzalisha kwa modeli ya vipengele 100, 1,000 na 10,000, au mistari mingapi ya kiolezo iliguswa daraja moja la karafuu lilipoongezwa.

Kama makala mtakazopata ni chache, igeni Transformation Tool Contest, shindano la zana za kugeuza modeli. Pale kesi moja hutolewa, kila kundi linaitatua kwa zana yake, na suluhisho zinalinganishwa hadharani. Mwaka 2017 moja ya kesi ilikuwa kugeuza modeli ya familia kuwa modeli ya watu na kurudi, jambo linaloonekana dogo mpaka ujaribu njia ya kurudi. Karafuu inafaa kwa umbo hilo.

Aliyefanya vizuri aelekezwe kwenye warsha zinazoandamana na MODELS, mkutano wa kimataifa wa fani hii ulioanza Mulhouse, Ufaransa, mwaka 1998 ukiitwa UML, ukabadili jina 2005. Hatua ya baadaye ni jarida la SoSyM (Software and Systems Modeling) la Springer.

kijana_wa_ecore:

Shukran sana. Limebaki dogo: majina ya madarasa na sifa tukiyaweka kwa Kiswahili, kuna kitakachokatika?

bi_metamodeli alijibu:

Karibu hakuna. EMF haijaribu kutengeneza wingi, `vituo` inatoa `getVituo()` na mambo yanakwenda. Tena Kiswahili kinawaepusha na sifa inayoitwa `class`, inayogongana na `getClass()` ya Java. `darasa` haimgongi mtu.

Kinachokatika ni ng'. Alama hiyo ya ' hairuhusiwi kwenye jina la Ecore, kwa hiyo `Ng'ambo` kama jina la thamani ya enumi itakataliwa kuwa halikuundwa vizuri. Kila thamani ya enumi ina sehemu mbili: `name` iandikeni `Ngambo`, na `literal` iwe `Ng'ambo` kamili, hapo ndipo mtumiaji atakapoliona. Ndani ya OCL maandishi hufungwa kwa alama hiyo hiyo, hivyo andikeni `'Ng\'ambo'`. Na kwenye kiolezo cha SQL irudufuni iwe `''` kabla ya kuitoa. Wekeni mkulima mmoja wa Ng'ambo kwenye data ya majaribio tangu asubuhi, msingoje ajitokeze mwenyewe alasiri.