Vijana wa maskani wanaokoka Jumapili, katikati ya wiki wamerudi kwenye unga (heroini). Tufanyeje?

mtumishi_wa_temeke: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba ushauri hasa kwa mnaohudumu mitaani. Kanisani kwetu huku Temeke tuna kikundi cha vijana, Jumamosi jioni tunaenda maskani, vijiwe vyao, kukaa na mateja (watumiaji wa unga), tunabeba chai na mikate, tunaongea tunaomba nao, na wanapokea kweli, wengine wanalia kabisa, Jumapili unamuona kaja ameoga anapita mbele anaongozwa sala ya toba. Ila ikifika Jumatano arosto, yale mateso ya kukosa unga, imembana karudi kwenye kete, halafu anaona aibu hatokei tena. Sasa kuna kaka mmoja anataka kuanza methadoni, ile dawa ya kliniki ya kusaidia kuacha unga, wazee wawili wa kanisa wamepinga, wanasema huko ni kuhama unga mmoja kwenda mwingine na ni kukosa imani, aombewe tu atafunguliwa. Moyo unaniuma maana kijana anataka kuacha. Mnasemaje?

nesi_mama_neema: Amen mtumishi. Mpeleke kliniki hata kesho. Methadoni Tanzania bara ilianza Muhimbili Februari 2011, ikaja Mwananyamala, na hapo Temeke kwenu ipo, ni bure. Mwanzoni anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, wanaanza na kiasi kidogo wanapandisha taratibu mpaka arosto ikate. Unga unaisha mwilini baada ya masaa machache ndo maana teja anahangaika kutwa nzima kutafuta hela hata ya kuiba, methadoni inamshika siku nzima, akili inatulia, hapo sasa ndo anaweza hata kusikiliza hilo neno mnalompelekea. Wazee waelezwe pia kitu kimoja kikubwa, mtu akikaa wiki kadhaa bila unga mwili unapoteza ule uzoefu, siku akiteleza akavuta au kujidunga kiasi kile kile cha zamani anaweza kuacha kupumua akafa. Kwa hiyo kumfungia kwenye chumba cha maombi bila daktari halafu kumrudisha maskani ni hatari kwa uhai wake. Na wazee wetu wenye presha wanameza vidonge kila asubuhi na bado tunaamini wameokoka.

aliyefunguliwa: Shalom. Mi nimetoka kwenye unga bila methadoni, ni Mungu, na siwezi kunyamaza kuhusu hilo. Lakini dada Neema simpingi, maana mi sikutokea madhabahuni nikarudi kulala maskani, nilipelekwa soba (nyumba ya kuishi wanaoacha unga) mkoa mwingine nikakaa miezi mingi mbali na washkaji na mbali na muuzaji. Hata mchungaji David Wilkerson alipotoka Pennsylvania mwaka 1958 kwenda kwa vijana wa magenge New York alianza kwa kuwafuata mtaani, baadaye ikabidi wawe na nyumba Brooklyn ya kuishi nao, na shamba kule Pennsylvania la kuwaweka mbali na mji, ndo huduma yake ya Teen Challenge ilivyokua. Mkimuombea kijana saa tatu usiku, saa nne analala wapi? Hilo mlipatie jibu kabla ya mkutano mwingine wowote. Mabinti ndo hali mbaya zaidi, wengi wanalala kwa wanaume ili wapate kete, na soba za wanawake ni chache mno.

fundi_wa_kanisa: Mi nagusa kazi tu. Padri Greg Boyle kule Los Angeles alikuwa na parokia iliyozungukwa na magenge, mwaka 1992 wakaanzisha bakery, vijana wa magenge yaliyokuwa yanapigana wakakanda unga wa mikate meza moja, huko ndo imekua Homeboy Industries, siku hizi wanafuta hadi tattoo za magenge bure ili mtu apate ajira. Kanisani kwenu hakuna fundi welding, fundi cherehani, mwenye car wash? Kila mmoja achukue kijana mmoja ambaye tayari yuko kwenye methadoni au katoka soba. Ila msimpe hela mkononi miezi ya mwanzo, mlipieni chakula na nauli, nyingine mtunzieni kwa makubaliano yake mwenyewe.

mtumishi_wa_temeke: Mbarikiwe sana. Suala la mahali pa kulala kweli hatukuwa tumelijadili, nalipeleka kwenye kikao. Nesi, nikienda naye wanataka nini?

nesi_mama_neema: Kliniki nyingi zinapenda aje kupitia asasi au wahudumu wa jamii wanaotembelea maskani, anapewa ushauri nasaha na vipimo vya VVU, TB na homa ya ini kabla ya kuanza, kwa hiyo ulizia kwanza utaratibu wa hapo. Aseme ukweli kuhusu pombe na valium (vidonge vya kutuliza) maana vikichanganyika na methadoni vinaua. Nenda naye asubuhi, na kama mzee mmoja kati ya hao wawili atakubali mwende wote, akae pale kwenye benchi aone vijana wanakunywa dawa halafu wanawahi kazini.