Tupeane uzoefu: vivutio vilivyojificha Mbeya, Rungwe na Mbozi kwa gari lako mwenyewe

Kiongozi wa safari
Wakuu, magari mengi hupita Uyole yakikimbilia Tunduma au Kasumulu, na abiria wake hawajui wamepita kando ya nini. Humu tuweke vitu vinavyomsaidia mtu barabarani: kona iko wapi, gari gani linafika, na nini huharibika. Zile za "tulienda tukafurahi sana" zina sehemu yake.

Fundi Jeki
Naanza na Kimondo cha Mbozi, lile jiwe lililoanguka kutoka angani. Ukitokea Mbeya kuelekea Tunduma, hesabu kilomita 50 hivi, kona yenye kibao iko kushoto. Kutoka hapo ni kama kilomita 13 za vumbi. Kiangazi hata gari dogo kama IST linafika taratibu. Masika ni habari nyingine: udongo unashika kama ugali, tairi zinajaa na kukosa meno.

Ukishafika, usitazame tu juu ya jiwe. Lile ni chuma kwa asilimia 90 hivi, lililobaki zaidi ni nikeli, na uzito wake unakadiriwa tani 16. Tafuta kona iliyokatwa kwa msumeno kwa ajili ya uchunguzi, uone ndani kunavyong'aa. Halikuonekana lote tangu mwanzo: wachimbaji waliondoa udongo pembeni, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, ndipo ikajengewa zege. Ukilijua hilo, ule msingi unausoma vizuri. Nusu saa inatosha. Wanaopenda watu na shughuli waende Juni 30, Siku ya Vimondo Duniani.

Mnyalu wa barabara
Naongeza kuhusu lami yenyewe. Mlima Nyoka na Inyala, kabla ya Uyole ukitokea Dar, usishuke kwa breki. Malori ya mizigo yanashuka hapo yakiwa yamelemewa, na mengine breki zimeshachemka. Shika gia namba tatu au mbili tangu juu. Mwenye gari la oto (gia zinazojibadilisha zenyewe) ashushe kwenda 2 au L kabla mwendo haujashika kasi. Usijipange katikati ya malori mawili. Vijijini ni 50, na askari wenye tochi wako pale pale usipowatarajia.

Mama Isongole
Ziwa Ngosi. Kona iko Isongole, barabara ya Uyole–Tukuyu, mkono wa kulia ukitokea Mbeya. Kutoka lami hadi mguu wa mlima ni kilomita kama 7, kisha unapanda kwa miguu msituni saa moja hivi, kutegemea pumzi yako.

Kosa kubwa ni kuanza saa sita mchana. Ukungu ukishakaa kwenye ukingo, wewe unasimama juu ya ziwa lenye kina cha mita zaidi ya 70 na huoni hata tone. Anza kupanda saa moja au mbili asubuhi. Kukiwa kweupe utaona lile umbo ambalo wenyeji wanalifananisha na ramani ya Afrika.

Viatu: buti za mpira zenye meno au raba ya mpira mgumu. Sneka nyeupe uziache Mbeya. Fimbo ni muhimu zaidi wakati wa kushuka, maana njia ni udongo mweusi uliofunikwa majani, na mizizi inateleza kuliko udongo. Kushuka hadi majini sishauri bila mwenyeji: ukuta ni mkali sana na kurudi juu ni kwa kushika mizizi. Tozo omba namba ya kumbukumbu ya malipo (control number), ulipe kwa simu, upewe risiti. Mtandao unasumbua kule juu, kwa hiyo malizana na malipo ukiwa bado barabarani.

Kijana wa Kiwira
Daraja la Mungu: mbele kidogo, kabla ya Tukuyu, kona ya kulia. Mwamba wa lava ya zamani umevuka Mto Kiwira, na maji yamejitoboa njia chini yake. Kijungu, pale mto unapozunguka ndani ya mwamba kama maji ya ugali, kiko eneo la magereza. Jitambulishe getini kwanza, na kamera usiielekeze kwenye majengo wala watu wa sare. Miamba ina ukungu wa kijani. Mita mbili kutoka ukingoni ndiyo mwisho wako.

Fundi Jeki
Sasa Hifadhi ya Kitulo, ambako watu wengi hukosea hesabu. Maua hupamba kuanzia Desemba hadi Machi, Aprili ikiwa na bahati. Na miezi hiyo hiyo ndiyo barabara mbaya kuliko zote. Huwezi kupata vyote viwili. Ukienda Agosti gari linakwenda laini kama liko mjini, ila unaangalia nyasi kavu na baridi ya kukata masikio. Kwangu mimi bora tope.

Njia ya kupanda ni Chimala kwenda Matamba, ile ya kona 57. Wenye gari dogo wanaikwea kiangazi. Masika tafuta linalovuta magurudumu yote manne. Panda kwa Chimala, ushuke kupitia Kikondo hadi Isyonje kwenye barabara ya Tukuyu. Ukifanya kinyume, zile kona zote utazishuka, na hapo ndipo diski zinakuwa nyekundu. Pedali ya breki ikianza kuwa laini na kuingia ndani, simama mahali tambarare, weka jiwe kwenye tairi upande wa mteremko, subiri zaidi ya nusu saa. Maji baridi kwenye diski yanaipinda.

Vya kubeba: mbao mbili za futi moja kwa futi moja (jeki ikiwekwa juu ya tope inazama yenyewe), sepeto, kamba ya kuvutia, pampu ya upepo. Tope likizidi shusha upepo wa tairi kutoka psi 32 hadi 24 hivi, ukirudi kwenye lami jaza. Jaza tangi Chimala au Uyole. Tairi ya spea ikague kabla ya kuondoka, maana wengi hugundua Matamba kwamba nayo haina upepo.

Msafiri mpya
Asanteni wakuu. Na Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, inaingia kwenye safari hiyo hiyo? Gari ni Rav4 ya zamani.

Kijana wa Kiwira
Inaingia, ila usiibane siku moja na Ngosi. Unashuka kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi karibu 500, kwa hiyo sweta inageuka mzigo na chandarua kinakuwa cha lazima. Pitia Kyela na Ipinda. Ukikuta vipande vya mchanga, vipite kwa mwendo mmoja bila kusimama.

Mama Isongole
Na ukitaka vyungu vya Wakisi, Ikombe iko mbele ya Matema, unakwenda kwa mtumbwi asubuhi kabla ziwa halijachafuka. Gonga chungu kwa kidole: kikilia wazi nunua, kikijibu kizito kina ufa. Kifunge kwa majani ya mgomba makavu, usikiweke juu ya spea. Nyumbani kiloweke usiku mzima, moto wa kwanza uwe mdogo.

Msafiri mpya
Spea iko kwenye mlango wa nyuma.

Mama Isongole
Basi vyungu vikae kwenye kiti, mtu avipakate.