Tupeane uzoefu: siku kerneli uliyoikompaili mwenyewe ilipogoma kuwaka

Fundi_Usiku
Wakuu, salaam. Maelekezo ya kukompaili kerneli ya Linux (yaani kukijenga mwenyewe, kutoka msimbo wake, kile kiini cha mfumo kinachoendesha mashine) yako kila mahali, na karibu yote yanaishia kwenye `make install`, halafu "washa upya, umemaliza". Kinachofuata baada ya kuwasha upya hakuna anayekisimulia. Mimi naanza na aibu yangu, nanyi mje na zenu. Ombi moja tu: semeni skrini iliandika nini, na mwishowe kosa lilikutwa wapi.

Yangu ni hii. Nilikaa na `menuconfig`, ile menyu ya kuchagua vya kuweka kwenye kerneli, jioni nzima nikifyeka kila nilichoona hakinihusu, najiona bingwa. Nikawasha upya. Mistari ikateremka kwa kasi, kisha ikakatika:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Laptopu kimya, taa ya Caps Lock inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Nikarudi kerneli ya zamani, nikabadilisha mambo mawili matatu kwa kubahatisha, nikakompaili tena. Ikagoma palepale. Nimekompaili mara tatu, kila mara dakika arobaini, bila kusoma mistari iliyo juu ya ule wa mwisho. Mara ya nne ndiyo nikasoma. Kabla ya kufa, kerneli huorodhesha patisheni inazoziona, na orodha yangu ilikuwa tupu. Draiva ya NVMe (aina ya diski yangu) nilikuwa nimeiwekea `m` badala ya `y` ya kuijenga ndani ya kerneli, kwa hiyo ikawa moduli, faili la pembeni ndani ya `/lib/modules`, na hiyo `/lib/modules` iko kwenye diski ileile isiyofunguka bila hiyo draiva. Initramfs ya kuibeba (kifurushi kidogo cha mafaili kinachopakiwa kwenye RAM kabla ya diski kufunguliwa) sikuwa nimetengeneza. Nikaweka `CONFIG_BLK_DEV_NVME=y` na `CONFIG_EXT4_FS=y`, ikawaka mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo nasoma zile namba za kwenye mabano. Ikiwa (0,0), diski haijaonekana. Ikiwa (8,1) au (259,2), diski imeonekana, ila mara nyingi kinachokosekana ni draiva ya mfumo wa mafaili.

Mzizi_Mkavu
Mkuu, hapo kwenye (0,0) niruhusu nikupinge kidogo, maana ilinila siku mbili. Draiva zangu zote zilikuwa `y`. Orodha ya patisheni imejaa, diski zangu naziona kwa macho yangu mawili, na bado (0,0).

Kumbe nilinakili mstari wa GRUB (programu inayoipakia kerneli mashine ikiwaka) kutoka kerneli ya zamani, wenye `root=UUID=...`, na kerneli mpya naiwasha bila initramfs. Ile UUID, namba ya utambulisho ya mfumo wa mafaili, kerneli peke yake haiijui. Anayeitafuta ni initramfs. Kerneli tupu inaelewa `/dev/sda2`, au `PARTUUID=`, namba ya patisheni yenyewe. Nikaendesha `blkid`, nikaandika PARTUUID kwenye karatasi, nikabonyeza `e` kwenye menyu ya GRUB nikabadilisha hapohapo. Sikukompaili kitu. Siku mbili zimeliwa na herufi nne: P, A, R, T.

Fundi_Usiku
Nimepokea, mkuu. Basi orodha ya patisheni kwanza, namba baadaye.

Kibodi_Bubu
Mimi niliponzwa na `make localmodconfig`. Kwa wasioijua, inaangalia moduli zilizopakiwa wakati huo na kutupa zingine zote, ili kukompaili kuishe haraka. Tamu sana. Mimi niliiendesha kupitia SSH (kuingia kwenye mashine kwa mtandao), kompyuta ya mezani iko chumba kingine, imewashwa bila kibodi wala mausi.

Kerneli ikawaka vizuri kabisa. Nikaenda kuchomeka kibodi, ukurasa wa kuingia unaniangalia, naandika, hakuna herufi. Nikabadilisha tundu la USB. Nikabadilisha kibodi. Kilichonichanganya ni kwamba kwenye menyu ya GRUB kibodi ilifanya kazi bila shida, nikaapa kwamba ubao mama umeanza kufa. Sikujua kwamba pale kibodi inaendeshwa na famweya ya mashine, na Linux ikishika usukani inahitaji draiva yake. `usbhid`, draiva ya kibodi za USB, haikuwa imepakiwa siku ile, basi ikafyekwa pamoja na takataka.

Bahati nzuri kadi ya mtandao ilikuwa inatumika, kwa hiyo SSH ilibaki. Siku hizi kabla ya kuendesha amri hiyo nachomeka kila nilichonacho: kibodi, flashi, printa, kamera, hata kile kidubwasha cha Bluetooth ambacho sijakigusa tangu nikinunue.

Giza_Totoro
Skrini nyeusi, nani kapitia? Mimi kerneli yangu ilionyesha mistari sekunde kama mbili, kisha giza. Nikadhani imekufa. Lakini taa ya diski ilikuwa inachezacheza, na mashine iliyokufa haisomi diski. Nikaipigia `ping` kutoka simuni, ikajibu. Nikaingia kwa SSH, `dmesg`, kumbukumbu za kerneli, ikaniambia ukweli:

`Direct firmware load for amdgpu/... failed with error -2`

Hiyo -2 maana yake faili halikupatikana. Na faili hilo, famweya ya kadi ya picha, lilikuwapo, kwenye `/lib/firmware`, nimeliona! Ila niliweka `amdgpu`, draiva ya kadi hiyo, kuwa `y`. Draiva iliyo ndani ya kerneli huamka mapema mno, diski ya mizizi haijafunguliwa bado, kwa hiyo `/lib/firmware` kwake haipo. Nikairudisha kuwa `m` na mambo yakaisha. Unaweza pia kuishindilia famweya ndani ya kerneli kwa `CONFIG_EXTRA_FIRMWARE`, lakini kuorodhesha majina ya mafaili yote yale ni kazi ya adhabu.

Kwa hiyo kabla hujasema imekufa, ipigie `ping`. Kama huna kompyuta ya pili, iwashe na `nomodeset`, angalau utaona maandishi.

Mgeni_Linux
Samahanini wakuu, mimi sifiki hata huko. GRUB inaniandikia `bad shim signature` na kunirudisha kwenye menyu. Nimekompaili vibaya?

Mzizi_Mkavu
Hapana ndugu yangu, hujakosea kukompaili. Secure Boot yako, ulinzi unaokubali programu zilizosainiwa tu wakati wa kuwasha, imewashwa na kerneli yako haina sahihi inayotambulika. Ama uizime Secure Boot kwenye mipangilio ya UEFI (famweya ya mashine), ama utengeneze ufunguo wako, uusajili kwa `mokutil --import`, kisha uisaini kerneli kwa `sbsign`. Na ukishausajili, mashine ikiwaka itakuletea skrini ya buluu ya kuthibitisha. Usiipite kwa haraka, wengi huipita halafu wanarudi kuuliza swali hilihilo.

Tumbo_Joto
Yangu ni fupi. Nilichukua konfigi ya distro kama ilivyo, nikakompaili, nikasakinisha. Initrd (ile initramfs) ikatoka kubwa mara kadhaa ya ile ya zamani, na GRUB ikalia `out of memory` kwenye mashine yenye RAM ya kumwaga. Moduli zote zilikuwa zimebeba taarifa za debugi. Dawa: `make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install`, kisha tengeneza initrd upya.

Seva_ya_Mbali
Ninyi mnaoweza kubonyeza vitufe mnaongea tu. Mimi seva iko mbali, mlango wake sijawahi kuuona. Mara ya kwanza nilikompaili nikasahau `virtio_blk`, draiva ya diski za virtio, na hiyo ni mashine pepe ambayo diski yake yote ni virtio. Nikawasha upya, nikasubiri dakika tano, kumi, ishirini. `ping` kimya. Ilibidi niwaombe wenye jengo wanirudishie, tena usiku, na mtu niliyempigia alinijibu kwa adabu iliyoniumiza kuliko matusi.

Sasa nafanya hivi: `GRUB_DEFAULT=saved`, ya zamani nimeiweka kuwa chaguo la kudumu, halafu `grub-reboot` kwa ile mpya ijaribiwe mara moja tu. Kwenye mstari wake naongeza `panic=30`. Ikianguka, inasubiri sekunde 30, inajiwasha yenyewe na kurudi kwenye ya zamani. Mimi nanywa maji nikiangalia `ping`.

Giza_Totoro
Mkuu, ila ikiganda bila kupaniki, hiyo `panic=30` haikuokoi. Na kama `/boot` yako iko juu ya LVM au RAID (mipango ya kuunganisha diski), GRUB haiwezi kuandika kwenye faili lake la kumbukumbu, kwa hiyo lile "mara moja tu" linaweza kuwa kila mara. Mimi nililijua hili kwa njia mbaya, sisimulii.

Seva_ya_Mbali
Simulia bwana!

Giza_Totoro
Hapana.

Skripti_Moja
Nyingine ya kuchekesha: `Failed to execute /init (error -8)`. Initramfs imefunguka vizuri, `/init` ipo, ruhusa zake safi, na kerneli inakataa kuiendesha. Nikahangaika na busybox (programu moja ndogo yenye amri za msingi) usiku mzima nikidhani imeharibika. Hiyo `/init` ilikuwa skripti ya sheli, inaanza na `#!`, na mimi katika kufyeka kwangu nilizima `CONFIG_BINFMT_SCRIPT`. Kerneli haikujua `#!` ni kitu gani. Nani alinituma kuzima kitu kidogo namna ile?

Kibodi_Bubu
Mimi nilishawahi kutupwa kwenye emergency mode kwa sababu `nls_cp437` haikuwepo. Patisheni ya EFI ni FAT, FAT inataka kurasa zake za herufi, bila hizo hai-mount (haifunguliwi), na systemd, inayowasha huduma za mfumo, inasusa kila kitu. Diski ilikuwa nzima kabisa.

Kerneli_Hewa
Zote mmesema, lakini ninyi angalau kerneli zenu ziliwaka zikafa. Mimi wiki nzima nilirekebisha hitilafu ya sauti. Nabadilisha konfigi, nakompaili, `make install`, nawasha upya, sauti hakuna. Tena. Tena. Siku ya sita nikaandika `uname -v`, ambayo huonyesha tarehe kerneli ilipokompailiwa. Ilikuwa ya mwezi uliopita.

`/boot` kwangu ni patisheni ya peke yake, na haikuwa ime-mount. Kila `make install` iliandika kwenye folda tupu la `/boot` lililo chini yake. Kila nikiwasha upya, GRUB inasoma patisheni yenyewe na kunipa kerneli ileile ya zamani. Nilikuwa nafanyia matibabu kerneli ambayo haijawahi kuwaka hata mara moja. Ilipowaka, sauti ilitoka. Nadhani ilikuwa tayari tangu siku ya kwanza.

Fundi_Usiku
Umenitia wasiwasi mkuu, nimeenda ku-umount `/boot` yangu niangalie chini. Kuna kerneli mbili na initrd zake, za mwaka juzi. Sikumbuki kabisa nilikuwa nataka kurekebisha nini.