Naomba ushauri: nafuatilia maisha ya baba wa babu yangu (Mvumi, Dodoma)

Mjukuu wa Mvumi:
Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Natafuta historia ya baba wa babu yangu, Mgogo wa upande wa Mvumi. Tunachojua kimetoka kwa shangazi, ndiye mkubwa aliyebaki. Anasema mzee alichukuliwa kubeba mizigo kwenye vita vya Mjerumani na Mwingereza, akarudi wakati wa Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo, akakuta zizi tupu na ndugu zake wamekufa kwa njaa. Baadaye akabatizwa, akaitwa Yohana. Alifariki kabla ya Uhuru. Kwenye sanduku la bati la shangazi kuna stakabadhi yake ya kodi, imechanika kwenye mkunjo. Mwaka unasomeka "194", tarakimu ya mwisho imeliwa na mchwa.

Nataka kujua alizaliwa lini, wazazi wake ni nani na amezikwa wapi. Kijiji tulichopo sasa, shangazi anasema siko alikoishi. Nina watoto, sitaki wakue wanajua jina la ukoo tu. Nianzie wapi?

Mzee wa Kongwa:
Marahaba mwanangu. Anza na shangazi, tena wiki hii hii. Usimuulize mwaka. Muulize: reli ilipofika Dodoma mzee alikuwa bado anachunga ndama, au alishatoka jando? Wakati wa Mtunya alikuwa ameoa? Reli ilifika 1910, na Mtunya ni 1917 hadi 1920. Hapo umri utaubana pande zote mbili.

Na umwelewe anaposema zizi tupu. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo, halafu mvua zikakatika. Watu walikufa maelfu kwa maelfu, na wengine walihama wasirudi. Ukikuta tawi zima la ukoo limepotea miaka hiyo, usidhani shangazi amesahau.

Msomanyaraka:
Mkuu, mimi ningeenda moja kwa moja Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar. Kuna mafaili ya Mjerumani na ya Mwingereza, na vitabu vya wilaya vyenye habari za watemi, mipaka na koo. Kwenye ya Mjerumani angalia tahajia: "ch" waliiandika "tsch", kwa hiyo Chilonwa unaweza kuikuta Tschilonwa.

Karani Mstaafu:
Samahani ndugu Msomanyaraka, Upanga aende mwishoni. Mafaili ya serikali yanataja watemi na majumbe. Mkulima wa kawaida utamkuta humo kama alikuwa na kesi au aliajiriwa, basi. Mtu wa kawaida anaandikwa kanisani.

Mvumi ilikuwa misheni ya CMS (Church Missionary Society, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza), kwa hiyo uliza vitabu vya ubatizo vya Anglikana. Usitafute Yohana, kina Yohana watakuchosha. Tafuta jina la baba yake na la wadhamini. Ukimpata, soma na walioandikwa juu yake na chini yake, maana watu wazima walifundishwa kwa makundi na kubatizwa siku moja. Mara nyingi hao ni majirani na ndugu, na mmoja wao huenda ana wajukuu wanaojua zaidi yenu. Mimi nimeona familia mbili zikikutana kwa njia hiyo, ndiyo maana nasisitiza. Mwaka wa ubatizo usiufanye mwaka wa kuzaliwa. Barua na taarifa za wamisionari wa CMS zinahifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na kuanzia 1927 dayosisi ilihudumiwa zaidi na wamisionari wa Australia.

Binti Chamwino:
Kuhusu kaburi: Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 ilihamisha watu karibu mkoa mzima kwenda vijiji vya ujamaa. Yeye alishafariki, kwa hiyo yuko kwenye mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa. Tafuta mzee aliyechunga maeneo hayo utotoni. Tembe, nyumba yetu ya udongo, ikianguka hubaki kichuguu cha udongo, na mawe ya kusagia mara nyingi yaliachwa hapo hapo. Hiyo stakabadhi ipige picha leo, mbele na nyuma. Ikiwa na jina la jumbe, umeshapata eneo.

Mjukuu wa Mvumi:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempigia shangazi. Reli ilipofika mzee alikuwa ametoka jando karibuni, na wakati wa Mtunya alikuwa hajaoa. Kwa hiyo kuzaliwa ni kati ya 1893 na 1898 hivi? Nyuma ya stakabadhi kuna jina la jumbe, analikumbuka na anajua kilima alikokaa! Kanisani niende na barua ya nani?

Karani Mstaafu:
Hesabu yako inaingia akilini. Chukua barua ya mwenyekiti wa kijiji na kitambulisho chako, umwone kwanza mchungaji wa mtaa. Nenda siku ya kazi asubuhi, Jumapili hakuna atakayekufungulia kabati. Uombe vitabu vya kuanzia 1918, na uende na shangazi kama miguu inamruhusu, majina ya wadhamini atayajua yeye.